Tulivyopata nyumba ya kipato cha chini Columbus bila kuficha hata dola moja

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp bado unazunguka ushauri huu: "Dada, usiseme mumeo ana kazi, watakunyima nyumba." Jamani, msiufuate. Fomu ya kuthibitisha kipato unaitia sahihi ukijua kusema uongo ni kosa la jinai, na mtu anayesubiri uraia anajitafutia nini huko? Sisi tuliandika kila kitu, na leo tuna vyumba viwili mashariki mwa Columbus, Ohio.

Majengo haya ni ya mpango uitwao LIHTC, si Section 8 (msaada wa serikali unaolipia sehemu ya pango lako). Tangu sheria ya 1986, mjenzi hupata nafuu ya kodi ya mapato kwa miaka 10, na kwa kawaida huwapa wawekezaji, hasa mabenki, ili apate mtaji. Naye anajifunga kupangisha kwa bei nafuu kwa miaka isiyopungua 30. Akiingiza waliozidi kipato ndani ya miaka 15 ya kwanza, sehemu ya nafuu hiyo inaweza kudaiwa irudishwe. Ndiyo maana meneja anakagua karatasi zako hivyo. Hana chuki na wewe.

Pango halipandi wala kushuka kwa kipato chako. Nyumba nyingi zina kikomo cha asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo, yaani kile ambacho nusu ya familia za hapo hukizidi na nusu hazikifikii. Tuseme, kwa hesabu nyepesi, kikomo cha watu watatu ni dola 60,000. Vyumba viwili huhesabiwa kwa watu watatu, hata mkiwa wanne: asilimia 30 ya 60,000, gawa kwa 12, ni 1,500. Umeme na gesi unayolipa mwenyewe imo humo humo. Ikikadiriwa kuwa 120, pango lisizidi 1,380. Kwa mshahara mdogo sana bado ni ghali, na mameneja wengi hutaka uwe unapata mara mbili ya pango au zaidi. Mwenye vocha ya Section 8 hawaruhusiwi kumkataa kwa sababu ya vocha.

Sasa ovataimu, maana hapo ndipo wafanyakazi wa maghala tunapokwama. Jengo la kwanza lilichukua hati zangu za mshahara za Novemba na Desemba, msimu wa vifurushi. Kwa dola 18 kwa saa, wiki ya saa 40 ni 720. Ukiongeza saa 15 za ovataimu kwa 27, inakuwa 1,125. Wakazidisha kwa wiki 52: 58,500! Ukijumlisha na kama 15,000 za mume wangu, tumezidi. Lakini ovataimu ile ni ya wiki 8 tu. Wiki 44 za kawaida ni 31,680, na hizo 8 ni 9,000, jumla 40,680. Hata na zile za mume wangu ni kama 55,680, tunaingia vizuri kabisa.

Jengo la pili lilipotuma fomu ya uthibitisho kazini, nilikuwa nimeshaongea na karani wa ofisi ya wafanyakazi. Nilimwomba asiache wazi mstari wa ovataimu: aandike saa ngapi, na kwa wiki ngapi katika miezi 12 ijayo. Ule mstari ukiwa mtupu, meneja anabaki na hati zako za msimu. Niliongeza W-2 ya mwaka uliopita (karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima), ikaonyesha picha ileile. Fuatilia upesi, kwa sababu uthibitisho ukipita siku 120 unaanza upya.

Wanahesabu kipato kabla ya makato. Pesa unazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzi kitu. Ndugu akikutumia wewe kila mwezi, hizo zinahesabiwa. Mjamzito aseme, mtoto aliye tumboni huongeza idadi ya watu na kikomo kinapanda. Na kama wote nyumbani ni wanafunzi wa muda wote, hata mtoto wa chekechea, mnakataliwa isipokuwa muwe kwenye misamaha: wanandoa wanaoweza kujaza kodi pamoja, mzazi anayelea peke yake, na mingine michache.

Kila jengo lina maombi yake na orodha yake ya kusubiri, basi omba mengi.

Na wanaowaambia wenzao wakatae nyongeza ya mshahara wakishaingia, wanawaumiza bure. Hutolewi kwa sababu kipato kimepanda. Kikivuka asilimia 140 ya kikomo, kinachobanwa ni nyumba nyingine itakayobaki wazi kwenye jengo hilo: lazima apewe mwenye kipato cha chini. Mume wangu ameshachukua kazi ya muda wote.