Albamu nzima ya soul, Kamalondo, bila kuruka wimbo

Sema hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, kwamba unataka watu wasikilize albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, utaona mashauri yanavyomiminika. Chagua wimbo mmoja mtamu, utume kwenye WhatsApp. Umeme ukikatika, washa grupu, yaani jenereta. Wachapie watu maneno yote ya Kiingereza kwa Kifaransa. Yote matatu ni mashauri mabovu, na walioyatoa hawajawahi kumkalisha mtu chini kwa dakika hamsini. Mimi nimewakalisha, tena wazee wa rumba.

Albamu ni KIWANUKA ya Michael Kiwanuka, iliyotoka tarehe 1 Novemba 2019. Huyu ni mtoto wa London, aliyezaliwa 1987 kwa wazazi Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Redio haikunisaidia kumpata. Mimi husoma majina ya watayarishaji kabla ya jina la mwimbaji, na hapa wapo wawili: Danger Mouse, nusu ya kundi la watu wawili Gnarls Barkley, na Inflo, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametengeneza Grey Area, albamu ya rapa Little Simz. Ukiona majina hayo mawili pamoja, usiulize mengi, sikiliza.

Watu wataiita soul, na sauti ya mwimbaji ni ya soul kweli. Lakini chini yake kuna gitaa la umeme lenye mkwaruzo, kwaya, nyuzi za okestra na ngoma za mkono. Mwaka 2020 ilipata tuzo ya Mercury Prize huko Uingereza, kisha kwenye tuzo za Grammy ikaingizwa katika kundi la albamu za rock. Kwa hiyo ukimwalika mpenzi wa nyimbo za James Brown, gwiji wa soul, usimwahidi James Brown. Mwambie tu kwamba kuna gitaa. Katanga, upande wetu huu wa Kongo, ni nchi ya gitaa: mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na masikio ya wazee wetu bado yanafuata vidole kwenye nyuzi kabla ya kufuata maneno. Wimbo uliowashika wa kwanza ulikuwa "Hero", kwa sababu ya gitaa lile kavu la utangulizi wake.

Na hapo ndipo shauri la wimbo mmoja linapoanguka. Albamu ina vipande 14, na baadhi ni utangulizi au daraja tu: "Hero" ina utangulizi wake peke yake, "Piano Joint" pia. Nyimbo zinaingiliana, moja inaishia ndani ya nyingine. Ukituma "Hero" bila utangulizi wake umetuma nusu ya kitu. Anayeng'ang'ania WhatsApp basi atume kama dokima (document), kwa sababu njia ya kawaida ya sauti ina kikomo cha ukubwa. Hata hivyo mpokeaji ataisikiliza kwenye spika ya simu, akiwa ndani ya teksi, na atakujibu kwa kidole gumba.

Adui mkubwa ni pengo kati ya nyimbo. MP3 hugawa sauti katika vipande vya sampuli 1152, yaani kama milisekunde 26 kila kimoja, na kipande cha mwisho kisipojaa hujazwa kimya. Programu inayogeuza sauti kuwa MP3 nayo huongeza kimya kidogo mwanzoni. Kicheza muziki kizuri husoma alama iliyoachwa ndani ya faili na kuikata ziada hiyo. Redio za bei rahisi hazisomi chochote, na juu ya hapo zinachelewa kufungua faili linalofuata. Basi "You Ain't the Problem" inaisha, kimya kinaingia, ndipo "Rolling" inaanza. Kwenye kimya hicho mtu ataomba chumvi, mwingine atauliza habari za mtoto wa fulani, na kuwarudisha ni kazi.

Dawa ni kuunganisha albamu nzima iwe faili moja. Anza na CD au FLAC, faili lililobanwa bila kupoteza sauti, usianze na MP3, maana MP3 zimeshabeba kimya chao ndani na kuziunganisha ni kukishona humohumo. Ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, ingiza nyimbo zote, zipange mkia kwa kichwa, toa faili moja. Usikubali programu isawazishe ukubwa wa sauti wimbo kwa wimbo: utangulizi wa "Piano Joint" umewekwa chini kwa makusudi, na ukiupandisha, wimbo wenyewe ukiingia hauna tena pa kupanda. WAV, faili la sauti lisilobanwa, inakula megabaiti kumi kwa dakika, kwa hiyo utapita 500. MP3 ya kilobiti 320 inakula 2.4 kwa dakika, jumla kama 125, na redio yoyote yenye tundu la flashi itaisoma. CD yenyewe ilinigharimu dola kumi na kitu kupitia ndugu wa Brussels, ikaja ndani ya sanduku la mtu. Nakala siigawi. Anayeitaka aje asikilize, au ainunue.

Asiyetaka kuunganisha ajue jambo moja ambalo wauzaji hawasemi. Redio nyingi za Kichina hazipangi nyimbo kwa majina, zinafuata utaratibu ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Unaweza kuandika 01, 02, 03 vizuri kabisa na bado wimbo wa tisa ukatangulia. Futa flashi yote kwa kuifomati upya katika mfumo wa FAT32, kisha nakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu, ukingoja kila mmoja umalize. Ukizivuta zote kwa pamoja, kompyuta itaziandika inavyotaka.

Sasa umeme, na hapa nina haki ya kujisifu. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haina adabu, inaweza kukata katikati ya "Solid Ground". Grupu linanguruma, na albamu hii ina sehemu za piano na sauti peke yake. Hata ukilipeleka nyuma ya nyumba ya jirani unalisikia, na jirani naye utamsikia. Konvatisa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya bei ndogo inatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na amplifaya inaugeuza kuwa mvumo usiokwisha. Basi nikaacha vyote viwili, nikachukua redio ya gari yenye tundu la flashi, kutoka kwa wauza vyuma wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikaifunga moja kwa moja kwenye betri ya voti 12. Hakuna grupu, hakuna konvatisa, hakuna mvumo. Kimya cha albamu kikawa kimya kweli.

Waya wa njano na mwekundu unaziunganisha pamoja, zinakwenda kwenye chanya kupitia fyuzi ya ampea 10. Mweusi kwenye hasi. Wa bluu ni wa antena, ufunike tu. Mweupe na mweupe wenye mstari mweusi ni spika ya kushoto, kijivu na kijivu chenye mstari ni ya kulia. Waya zenye mstari mtu asiziguse na hasi ya betri, hata akishauriwa na fundi. Redio hizi zinasukuma spika kwa waya zote mbili, na ukipeleka mmoja kwenye hasi unachoma chipu ya nguvu. Spika ziwe za omu 4 au zaidi. Zile za nyumbani za omu 8 zinafaa, zinatoa sauti ndogo kidogo, na baraza ya watu kumi na tano haihitaji zaidi. Usidanganywe na maandishi ya wati 50 mara nne mbele ya redio, kwa kazi ya kudumu ni kama wati 20 kwa kila upande.

Betri ya ampea-saa 70 itumie nusu tu, la sivyo utaiua. Nusu ni 35. Redio ikivuta ampea 3 kwa sauti ya kukaa, unapata zaidi ya saa kumi, yaani albamu mara kumi na betri bado ina heshima. Voti zikishuka karibu na 12.1 betri ikiwa imepumzika, ipeleke ikachajiwe.

Spika zisikae chini sakafuni wala kwenye pembe ya ukuta, besi itavimba na kumeza sauti ya mwimbaji. Ziinue hadi usawa wa masikio ya aliyekaa, ziachane mita mbili. Na fanya kati ya Mei na Septemba. Mvua ikianza kupiga manjanja, yaani mabati ya paa, hata spika za uwanja hazikusaidii.

Kuhusu maneno: niligoma kuchapa tafsiri. Mtu akipewa karatasi anasoma, hasikilizi. Nilisema jambo moja tu kabla ya kuanza, kwamba "Hero" inamkumbuka Fred Hampton, kiongozi kijana wa Black Panther, chama cha kutetea Weusi wa Marekani, aliyeuawa na polisi Chicago tarehe 4 Desemba 1969, akiwa na miaka 21. Katika mji ambao Lumumba aliuawa karibu yake, Januari 1961, hakuna aliyeomba ufafanuzi.

Mtego uliobaki ni mpangilio wa nyimbo ndefu. Mzee wa rumba hachoshwi na urefu, amezoea nyimbo za Franco za zaidi ya dakika kumi. Kinachomsumbua ni pale ala zinapotangulia, kwa sababu yeye amezoea maneno kwanza, sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea) baadaye. Kwenye "Hard to Say Goodbye" okestra inaanza taratibu, na papa, yaani mzee, mmoja wa mtaani akauliza kwa sauti: "Sasa uyu ataimba saa ngapi?" Nikamjibu: "Papa, hawa wanapiga sebene mbele." Akacheka, akatulia, na tangu hapo ndiye anayewaelezea wengine.

Nimeona jibu hilo linafanya kazi hata zaidi kwa albamu iliyotangulia, Love & Hate ya 2016. Inafunguliwa na "Cold Little Heart", karibu dakika kumi, na sauti ya mwimbaji inaingia kama katikati. Ukiwapa hiyo kwanza watainuka. Wape KIWANUKA, waache wiki moja au mbili, ndipo uwape hiyo, na yaya (kaka au dada mkubwa) au papa aliyeelewa habari ya sebene akae karibu na wageni.