Kidole cha mama kuelekea dirishani

Leo jioni, katika darasa letu dogo la Kiingereza hapa Kadutu, Bukavu, kijana mmoja aliniuliza maana ya kitenzi "defenestrate", nami niliye mwalimu nikabaki nimeshika chaki bila jibu.

Kabla sijafungua kamusi, mama mmoja muuza vitenge, ambaye huketi nyuma kabisa na huwa hasemi, alinyoosha kidole kuelekea dirisha letu lisilo na kioo.

"Mwalimu, si ni fenêtre ile ya Kifaransa?"

Alikuwa amepatia. Shina lake ni "fenestra", yaani dirisha kwa Kilatini, na maana yake ni kumtupa mtu nje kupitia dirishani. Neno hilo huhusishwa na Prague, ambako tarehe 23 Mei 1618 magavana wawili na katibu wao walitupwa kutoka dirisha la ngome, wakaanguka mita zipatazo 20, na (ajabu!) wote watatu wakapona.

Darasa lilicheka sana.

Mimi bado nakiona kidole kile, chenye alama ya mkasi, kikitetemeka kidogo.

Ndugu zangu, ni neno gani la Kiingereza mlilowahi kulifumbua kwa njia ya Kifaransa?