Siku moja maishani mwangu: dhahabu, leza na seli za saratani

Saa 1:30 asubuhi
Kabla hata sijavaa koti la maabara, nachungulia chupa niliyoiacha usiku kwenye maji ya uvuguvugu. Imegeuka kahawia yenye wekundu. Nashusha pumzi. Watu wakisikia nashinda na dhahabu hutegemea kuona kitu cha kumetameta. Hiki hapa kinafanana na maji yaliyolala kwenye bomba lenye kutu.

Ndani yake mna vijiti vya dhahabu, kila kimoja urefu wa nanomita 40 hivi na upana wa 10; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unene wa unywele ni kama nanomita 80,000. Dhahabu ikishakuwa ndogo kiasi hicho huacha unjano wake. Mwanga ukiigusa, elektroni zake huyumba zote kwa pamoja, na umbo ndilo linaloamua ni mwanga upi utakaomezwa. Chembe ya mviringo humeza kijani, karibu nanomita 520, ndiyo maana maji yake huwa mekundu. Ukiirefusha iwe kijiti, inaanza kumeza mwanga wa karibu 800. Huo jicho haliuoni, lakini unapenya mwilini kuliko mwanga wa kawaida kwa sababu damu na maji haviumezi sana. Na mwanga uliomezwa hauna pa kwenda: unageuka joto, na kwa joto hilo najaribu kuua seli za saratani.

Saa 2:15
Spektromita, mashine ya kupima mwanga upi unamezwa, inasema vijiti vinameza zaidi kwenye nanomita 805. Leza yangu ni ya 808. Sina la kuomba zaidi.

Saa 3:00
Kuosha. Hii ndiyo kazi isiyopigwa picha. Vijiti hivi hukuzwa ndani ya sabuni iitwayo CTAB, na sabuni hiyo peke yake inaua seli. Usipoiondoa utaona seli zinakufa, utashangilia, kumbe umevumbua sabuni. Nazungusha kwa kasi kwenye sentrifuji hadi vijiti vitue chini, namwaga maji ya juu, naongeza maji safi, nazungusha tena. Kisha navivisha vijiti koti la PEG, molekuli ndefu zinazopenda maji, ambalo litajishika polepole hadi kesho.

Mwanafunzi wa mazoezi ananiuliza, "Dada, koti la nini tena?" Namwambia achukue mirija miwili, mmoja wa chembe za mviringo zisizo na koti, mwingine wa zile zenye koti, adondoshee maji ya chumvi kila mmoja. Ule wa kwanza unageuka kutoka mwekundu kuwa zambarau, halafu kijivu-bluu, mbele ya macho yake. Chembe zimegandamana. Ule wa pili haujabadilika hata kidogo. Damu ina chumvi, namwambia, na yeye keshaelewa kabla sijamaliza.

Saa 5:30
Seli za saratani zimetoka kwenye inkubeta, kabati la joto la nyuzi 37. Ninatumia vijiti vya wiki iliyopita, vilivyokwisha kuvikwa koti. Sahani ina visima 96, kila kimoja upana wa milimita 6 na ushei. Baadhi vinapata dhahabu na leza, vingine dhahabu bila leza, vingine leza bila dhahabu, na vya mwisho havipati chochote. Wageni hupenda kuonyeshwa kundi la kwanza. Mimi naangalia hayo matatu mengine, maana kuua seli kwenye sahani hata maji ya moto yanaweza.

Saa 7:00 mchana
Simu. Binamu yangu ameona video mahali: "Kwa hiyo dawa ya saratani imeshapatikana?" Namjibu kwa kirefu kuliko alivyotaka. Kwamba kundi la Naomi Halas na Jennifer West wa Rice University, Marekani, lilionyesha njia hii mwaka 2003, kwa chembe zenye kiini cha silika na ganda la dhahabu. Kwamba mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio dogo la wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume, na kwamba hapo mwanga ulipelekwa ndani ya tezi kwa nyuzi nyembamba za kupitisha mwanga, kwa sababu kutoka nje ya ngozi haufiki mbali. Anajibu kwa kidole gumba.

Saa 8:00
Miwani ya kinga, mlango umefungwa, taa nyekundu inawaka. Leza ya 808 haionekani, na hilo ndilo linaloifanya iwe hatari: jicho halitapepesa. Dakika 5 kwa kila kisima. Kisicho na dhahabu kinapanda nyuzi 2 tu. Chenye dhahabu kinaanza nyuzi 25, kinapita 42, kinapita 50, kinasimama 53. Hakuna moshi wala sauti, ni tarakimu tu zinazopanda kwenye kioo.

Saa 11:00 jioni
Rangi ya tripani, kisha hadubini. Seli iliyokufa hunywa bluu, iliyo hai huikataa. Kisima cha dhahabu na leza ni bluu tupu. Leza bila dhahabu, seli ni nyeupe, zimetulia. Vizuri. Nasogea kwenye dhahabu bila leza.

Upande mmoja seli ziko hai. Upande wa pili kuna hilali ya bluu, nyembamba, imejipinda kufuata ukuta wa kisima.

Nakaa nayo kitambo. Ingekuwa ni sumu, vifo vingetapakaa kila mahali. Hivi vimejipanga upande wa jirani, na jirani ni kile kisima nilichokipiga leza. Narudi kwenye leza na kadi inayong'aa ikiguswa na mwanga huo usioonekana. Doa lina upana wa karibu sentimita moja na nusu. Nimekuwa nikimwagia jirani mwanga mchana kutwa bila kujua, na pengine wiki iliyopita pia.

Saa 12:40
Nakata karatasi nyeusi, natoboa tundu la milimita 6. Kwenye mchoro wa sahani ya kesho naacha safu mbili tupu kati ya kundi na kundi. Kwenye daftari napiga mstari mmoja juu ya matokeo ya visima vya pembeni, yabaki yakisomeka, natia saini na tarehe. Kisha nafungua kurasa za wiki iliyopita.