Ukaguzi wa kwanza tuliazima kompyuta, wa pili nikajipa alama 2

Mimi ni mratibu wa ubora wa idara ya chuo kikuu, cheo kisicho na posho ila lawama zote zako, na wakaguzi wa nje nimeshapokea mara mbili. Mara ya kwanza niliwasikiliza wakubwa. Dokta mmoja mzoefu akaniambia kijana, wageni ni chai nzuri na rangi ya ukuta, basi. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta 9 zinazowaka, kwa hiyo usiku tukaazima kumi na tano kitivo cha jirani, vijana wanabeba mimi namulika na tochi ya simu, saa nane usiku najiona jenerali kabisa. Asubuhi wakaguzi wakasifu sana. Ila mama mmoja, profesa mstaafu mpole mpole, akainama kama kaangusha kalamu, akawa anasoma stika za mali nyuma ya mashine, moja baada ya nyingine. Zote za jirani! Hakusema kitu, akauliza tu, "Mwanangu, mchana si tunaenda kitivo kile pale?" Nikasema ndiyo profesa, jasho hilo. Saa sita tunazirudisha kwa mlango wa nyuma, tukapishana nao kwenye ngazi uso kwa uso, mimi nimekumbatia monita kama mtoto mchanga.

Mara ya pili nikasema liwalo na liwe. Mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA) unataka mjipe alama 1 hadi 7 kabla wageni hawajaja, 4 maana yake inatosha, na idara nyingi nilizoona zinajipa 5 na 6 bila aibu. Maabara nikaipa 2. Mkuu wa idara alifura wiki nzima. Lakini nyuma ya ripoti hiyo ya kujipa alama nilibandika barua zangu tatu za kuomba mashine, kila moja ina muhuri wa masjala kwamba imepokelewa, majibu hakuna (jamani gongesheni mihuri barua zenu). Kikao cha mwisho wakaguzi wakazisoma kwa sauti mbele ya VC, yaani makamu mkuu wa chuo, na ile "bajeti haipo" ya miaka mitatu ikapatikana ghafla, milioni ishirini na kitu. Pendekezo lao la kuongeza wahadhiri ndo lipo kwenye faili mpaka leo, huko hata muhuri haujasaidia.

Juzi kitivo cha jirani wamekuja kuazima mashine, wanakaguliwa mwezi ujao. Nimewaambia leteni barua, nitaigonga muhuri.