Mtaro wa sentimita 38

Jumamosi ile ya Novemba, siku ya tatu tangu mvua kubwa inyeshe, tulikuwa watu kama ishirini kwenye njia ya zamani ya kusafirishia magogo ndani ya Msitu wa Mabira, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu ya Kampala na Jinja. Wenye magari walikuja na Land Cruiser mbili, Pajero na Suzuki fupi. Waendesha baiskeli za milimani, wengi wa Jinja na Lugazi, walisimama ng'ambo ya pili ya njia. Salamu zilikuwa fupi, maana pande hizi mbili ziligombania njia hiyo. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, maana mafundi wa magari walikuwa Wanubi wa Bombo, na kwenye baiskeli kulikuwa na Wasoga, Waganda na Wakenya wanaofanya kazi Jinja.

Kila upande ulikuwa na jeraha lake. Binti mmoja wa baiskeli alikuwa ameanguka kwenye mtaro wa tairi la gari akavunjika mtulinga. Wiki moja baadaye mtu asiyejulikana alilaza gogo nyuma ya kona ya mteremko, na ile Pajero, ikishuka jioni, ikalivaa. Fimbo ya usukani ilipinda, gari likateleza hadi kwenye mti. Hakuna aliyeumia, lakini gogo lililofichwa nyuma ya kona ni mtego, na mtego hauchagui: siku nyingine angelikuta mwendesha baiskeli, au mama mwenye kuni kichwani.

Afande wa misitu aliyekuja kutusimamia hakutaka kusikiliza nani alianza. Alitoa futi kamba akamkabidhi dereva wa Pajero, akamwambia apime mtaro. Sentimita 38 kwenda chini.

Namba hiyo ilibadilisha mazungumzo. Kwenye baiskeli ya milimani, pedali ikiwa chini kabisa hubaki kama sentimita 15 juu ya ardhi. Ndani ya mtaro wa sentimita 38, pedali inagonga ukuta kila mguu unaposhuka, na gurudumu la mbele halina pa kutokea. Ukilipinda, linapanda ukuta kisha linakutupa. Ndivyo binti yule alivyoanguka. Sasa geukia gari. Land Cruiser yenye matairi ya kiwandani huacha kama sentimita 22 chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Magurudumu yakizama 38, difu inakalia mgongo wa udongo ulio katikati, matairi yananing'inia na kuzunguka bure. Dereva anayelijua hilo anaukwepa mtaro, anapita pembeni na kuchimba mwingine. Tulipima upana wa njia mahali pakavu: mita 2.6. Kwenye tope: mita 7. Miche yote ya katikati ilikuwa imelala.

Na baiskeli? Nazo zina deni lake. Kwenye kijia chembamba cha juu, ambacho gari haliwezi kupita, tulikuta alama ndefu za waliobana breki ya nyuma hadi gurudumu likafunga na kuburuta, pamoja na kona zilizokatwa. Kijia cha sentimita 60 kilikuwa kimefika mita 2 mahali ambapo kila mtu alikwepa dimbwi. Waendesha baiskeli hawakupenda kuonyeshwa, ila waliona.

Fundi mmoja wa Bombo alikuwa na mpira mwangavu uliojazwa maji, ule wa waashi wa kusawazisha msingi. Tukaupima mteremko nao: kwa kila mita 10 njia ilishuka mita 1.4, yaani asilimia 14. Kilima chenyewe, kwa ubavu, kilikuwa na asilimia 20 tu. Hapo ndipo ugonjwa ulipojulikana. Njia ikizidi nusu ya mwinamo wa kilima, maji hayaikatizi; yanaifuata. Tairi linachora mfereji, mvua inaukuta uko tayari, inauchimba, na wiki inayofuata tairi linazama zaidi. Gari la tani mbili na nusu linaanzisha haraka kuliko baiskeli, hilo halina ubishi, lakini aliyechimba sentimita nyingi kati ya zile 38 ni maji.

Kwa hiyo hatukuanza kwa kufukia. Kumwaga udongo mbichi kwenye mtaro wenye maji ni kupika uji; mvua ya kwanza inauondoa wote. Tulianza kwa kutoboa ukingo wa upande wa bondeni ili maji yaliyosimama yatoke. Kisha tukauvunja mgongo wa katikati kwa sululu, tukaurudisha mitaroni ukichanganywa na mawe ya kijitoni, tabaka la sentimita 10 kwa wakati mmoja. Kushindilia kulifanywa na Land Cruiser yenyewe, mbele na nyuma kwenye gia nzito, bila kukanyaga mafuta. Hakuna shindilio la mkono linaloweza kushindana na gurudumu hilo. Waendesha baiskeli walichimba, magari yakashindilia, na ubishi ukapungua kwa sababu kila mtu alihitaji kazi ya mwenzake.

Juu ya hapo tukatengeneza mabonde matano ya kutolea maji, kila moja mita 20 kutoka lenzake. Watu wengine huweka gogo la mshazari, lakini gari hulivunja au kuling'oa, na baiskeli huteleza juu yake likilowa. Bonde la udongo ni refu na pole: mita 7 kutoka mwanzo hadi mwisho, tuta lake sentimita 30 juu ya kina cha bonde, na sakafu inainamia nje sentimita 5 kwa kila mita. Mdomo wa kutolea maji tuliukata sentimita 60. Huo ulikuwa upungufu wetu.

Pembeni ya bonde la tatu palikuwa na mvule mchanga uliofungwa waya wa winchi, mashine ya gari ya kujivuta likikwama, bila mkanda. Gome lilikuwa limechubuka karibu duara zima. Mti ukivuliwa gome kuzunguka, chakula cha majani hakishuki tena mizizini, nao unakufa polepole. Mkanda mpana wa kuzungushia mti, wa milimita 75, hukunjwa ukakaa chini ya kiti. Niliumia kuuona mti ule. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kupinga takriban hekta 7,100 za msitu huu kugeuzwa mashamba ya miwa, na wapo waliopoteza maisha.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya siku za kungoja baada ya mvua. Wengine walisema mbili, wengine nne. Afande aliokota udongo kilimani, akauviringisha viganjani kama anayesokota uzi. Ukakatika ungali mnene. Akashuka bondeni, penye kivuli, akarudia. Uzi ukafika wembamba wa milimita 3 bila kupasuka. Udongo wa namna hiyo bado haubebi gurudumu lolote, la gari wala la baiskeli. Tukakubaliana kupima bondeni, si kilimani, na kuiacha kalenda. Wenye magari wakaongeza la kwao: kushusha upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 20 kabla ya kuingia, kwa sababu tairi lililolegea hushika, na tairi linalozunguka bure ndilo linalochimba.

Magari yalibaki na njia ya magogo. Kijia cha juu kikawa cha miguu na baiskeli, kikihitaji nguzo mbili mlangoni. Tulikuwa tumeshachimba mashimo yenye nafasi ya sentimita 90, usukani wa baiskeli ya milimani ukipita vizuri, ndipo mzee mmoja wa kijijini akafika na baiskeli yake nyeusi, jerikeni za lita 20 zimening'inia kila upande.

"Wanangu," akasema, "nyinyi mnakuja Jumamosi. Mimi napita hapa asubuhi na jioni. Nitapitia wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemfikiria. Tukapima mzigo wake: mita 1 na sentimita 12. Tukafukia shimo moja na kuchimba jingine, nafasi ikawa sentimita 130. Hata ile Suzuki fupi haipiti hapo. Bodaboda inapita, na kwa hilo hatukuwa na dawa.

Mvua kubwa iliyofuata ilinyesha baada ya siku tisa. Mabonde mawili ya juu yalitoa maji vizuri kabisa. La tatu na la nne yalijaa mchanga kwa sababu midomo ilikuwa myembamba, majani yakaziba, maji yakapanda juu ya tuta. Tukarudi na majembe tukaipanua hadi mita 1. La tano lilikuwa zima, na juu ya tuta lake, kwenye udongo ulioanza kukauka, palikuwa na alama moja nyembamba ya tairi la baiskeli nyeusi, imenyooka hadi ng'ambo.