Tasnifu tano kwenye barza moja: uzoefu wangu Pemba

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika takwimu, mzaliwa wa Pemba, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa na kazi ya pembeni isiyo na malipo: kuwaeleza watu, barzani na katika viwanja vya skuli, kile ambacho mimi na wenzangu wanne tunakitafiti. Mmoja anasoma sayansi ya bahari na anachunguza mwani, wa pili anafuatilia kichocho, wa tatu ni mwanaakiolojia na wa nne ni mwanaisimu. Tulikubaliana kwamba msemaji awe mmoja na wenye tafiti wakae miongoni mwa wasikilizaji, kwa sababu watu watano wakizungumza kwa zamu kila mmoja huvutia kwake. Kura iliniangukia mimi kwa hoja kwamba mtu wa takwimu hana fani ya kuitetea. Hoja hiyo sikuipenda.

Mkutano wa kwanza ulinishinda. Nilikuwa nimesoma habari za mashindano ya tasnifu ya dakika tatu, yaliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, ambamo mwanafunzi wa uzamivu hupewa slaidi moja na dakika tatu za kueleza utafiti wake wote. Inasimuliwa kwamba wazo hilo lilizaliwa wakati wa ukame, pale watu wa Queensland walipokuwa wakiweka bafuni kipima muda cha dakika tatu ili wasimalize maji, na mkuu wa kitengo cha masomo ya uzamili cha chuo hicho akajiuliza kama muda huo ungetosha pia kwa tasnifu. Sisi tuliokulia kwenye foleni za ndoo hatukuona ajabu ya kuoga kwa dakika tatu, lakini mpango wenyewe ulinivutia. Nilichukua ikisiri za wenzangu, yaani muhtasari unaotangulia tasnifu, nikazifasiri, nikazibana, tukafunga projekta ukutani baada ya swala ya laasiri, na kwa robo saa nikawa nimemaliza fani tano. Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja akainuka na kusema, "Maalim, umesoma sana. Mola akuzidishie." Kwa mgeni hiyo ni sifa, kwa Mpemba ni namna ya adabu ya kufunga mlango.

Nilidhani kosa lilikuwa katika maneno magumu, nikarudi kwenye kamusi. Lakini nilipoisikiliza tena sauti niliyoirekodi, niligundua kwamba maneno mengi yalikuwa ya Kiswahili kilicho wazi, na bado hayakuwa na pa kushika. Ikisiri huandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajali: huanza na pengo katika maandiko, ikafuata mbinu, yakafuata matokeo. Mvuvi aliyekaa barzani hajali pengo katika maandiko, wala hana sababu ya kulijali. Nikawaendea wenzangu mmoja mmoja na kuwauliza swali moja tu: ni jambo gani ambalo mpaka leo hulijui, na siku ukilijua utaweka kalamu chini? Kila mmoja alichukua muda mrefu kujibu kuliko nilivyotarajia, na mwanaisimu aliniomba nirudi kesho yake. Majibu yale, ambayo niliyaita shaka, ndiyo niliyoyapeleka katika mkutano wa pili, na slaidi nikaziacha nyumbani.

Nilianza na mwani kwa kuwa wengi waliohudhuria walikuwa wanawake wanaoulima. Historia yake sikuhitaji kuieleza kwa urefu. Ilitosha kusema kwamba kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na kwamba ute unaotolewa ndani yake, uitwao karajinani, ndio unaoshikanisha dawa ya meno na aiskrimu. Jambo hili la mwisho liliwafanya baadhi yao watazamane, kwani walikuwa wameuza mwani kwa miaka mingi bila ya mtu yeyote kuwaambia unaishia wapi. Kisha nikaitoa shaka: mwani unapogeuka mweupe na kukatika vipande, je, ni joto peke yake linaloua, au joto linaudhoofisha tu na vijidudu ndivyo vinavyomalizia? Mwenzangu alikuwa amefunga kamba nyingine katika maji madogo na nyingine katika maji makuu, yenye kina, ili alinganishe. Hapo nilikuwa sijamaliza sentensi, Bi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na huko maji makuu nani atakwenda kufunga? Sisi hatujui kuogelea." Mtafiti wa bahari alikuwa na jibu la joto na jibu la vijidudu, na hilo hakuwa nalo. Aliliandika kwenye daftari lake, na naamini ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa na wakaguzi wake.

Kichocho kilinichukua muda mrefu zaidi kukipanga. Watu wa hapa wanakijua ugonjwa wenyewe, na wengi wanaijua Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, inayofanya kazi tangu mwaka 2000. Wasichokijua ni kwa nini mtu aendelee kutafiti maradhi ambayo dawa yake, prazikwanteli, imekuwa ikigawiwa skuli na majumbani miaka nenda rudi, na ambayo kwa kweli yamepungua sana. Nilieleza kwanza safari ya mdudu: yai linatoka na mkojo wa mgonjwa, likifika kwenye maji baridi linapasuka, kilichomo ndani kinamwingia konokono mdogo wa mtoni au wa bondeni kwenye mpunga, humo kinazaana mpaka kuwa maelfu, kisha vinatoka mchana kwenye mwanga na kuipenya ngozi ya mtoto anayeoga. Mwenzangu alikuwa amekuja na konokono wake ndani ya bilauri, akaiweka juani, na watoto wakajazana kuangalia kwa kioo cha kukuzia. Konokono wa pwani, nilisisitiza, hawahusiki, kwani mtoto mmoja alishaanza kumwogopa kombe.

Baada ya hapo ndipo shaka ilipokuwa na maana. Wagonjwa wakiwa wengi, ukimpima yeyote unampata. Wakiwa wachache, wanajificha kwenye mabonde machache, na kwa kuwa kipimo kinachuja mililita 10 tu za mkojo, mwenye mayai machache anaweza kupita akionekana mzima. Wale wachache waliobaki wako wapi, na utawajuaje? Kijana mmoja akasema haiwezekani kumaliza mdudu kabisa, mdudu hamalizwi. Nilikuwa nimeliweka tayari jibu la mbung'o wa Unguja, nzi anayeambukiza mifugo maradhi, ambalo kwangu ni mfano bora kabisa wa fani zilizoshikana mikono katika visiwa vyetu. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume ya mbung'o yalizalishwa Tanga, yakapigwa mionzi ili yasiweze kuzalisha, kisha yakaachiwa kutoka kwenye ndege juu ya Unguja. Jike la mbung'o kwa kawaida huingiliwa mara moja katika maisha yake, na likipata dume la aina hiyo halizai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Fizikia ya mionzi, elimu ya wadudu, tiba ya mifugo na hesabu ya idadi ya madume kwa kila dume la porini, vyote vilikutana pale. Kijana hakukubali moja kwa moja. Alisema konokono haachiwi kwa ndege. Mtafiti wa kichocho akacheka, akakiri kwamba hiyo ndiyo sura ya nne ya tasnifu yake, na bado haijaandikwa.

Magofu yalinipa somo la namna nyingine. Kila mtu aliyekuwepo alikijua kisa cha Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa ngome ya Pujini, na ukatili wake, na kisima chenye ukuta katikati ili wake zake wasionane, na walikijua kwa ufasaha kuliko mwanaakiolojia. Kosa langu la mkutano wa kwanza lilikuwa kuwasimulia watu kisa chao wenyewe. Safari hii nilisema kwamba kisa kinamweleza mtawala, na kwamba shaka ya mwenzangu ni juu ya watu ambao kisa hakiwataji: waliopika walikuwa nani, walikula nini, na vyombo vyao walivitoa wapi. Tukapitisha vigae mkononi, kimoja cha chungu cha hapa hapa chenye masizi, na kingine chenye kung'ara kilichotoka ng'ambo. Habari ya tabaka za udongo haikuhitaji maelezo, kwa kuwa kila mwenye jaa nyuma ya nyumba anajua kwamba taka ya chini ni ya zamani kuliko ya juu.

Kilichonitoa jasho ni kupima umri kwa kaboni. Nilisema kwamba ndani ya kaa la jikoni kuna aina ya kaboni inayooza polepole, na Bi yule yule wa mwani akanikatiza, "Makaa hayaozi, Maalim. Ndiyo maana tunayaweka." Alikuwa na haki. Neno "kuoza" lilibeba picha yake, na picha hiyo ilikuwa ya uongo. Katika mkutano wa tatu nilijaribu kwa kauri: zirushe mia, zinazolala kifudifudi zitoe, rusha zilizobaki. Lakini kauri, kama anavyojua kila mtoto aliyezichezea, hazilali sawa pande zote mbili, na mimi mtu wa takwimu nilipaswa kuwa wa kwanza kulikumbuka hilo. Nikarudi kwenye sarafu. Kila mrusho ni miaka 5,730, na kila mrusho unaondoa kiasi cha nusu. Huwezi kujua sarafu ipi itatoka, lakini unajua zitatoka ngapi. Na ngome ya karne ya 15 ni changa sana kwa hesabu hiyo, haijafika hata sehemu ya nane ya mrusho mmoja, kwa hiyo kaa la miaka 600 limepoteza kiasi cha asilimia 7 tu ya kaboni hiyo, ndiyo maana kipimo kinahitaji mashine yenye jicho kali.

Kuhusu isimu sina mengi. Nilitarajia itakuwa rahisi kuliko zote, maana kila mtu ana ulimi, na kwa sababu hiyo hiyo ikawa ngumu kuliko zote: nilipotaja tu kwamba Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kabla ya kuundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, watu wa Wete na watu wa Mkoani walianza kubishana nani anasema Kipemba safi, na shaka ya mwenzangu haikusikika mpaka adhana ya magharibi.

Tasnifu yangu mwenyewe niliiogopa na kuiacha ya mwisho. Ya wenzangu niliweza kuiona kwa nje. Yangu nilikuwa ndani yake. Inahusu watu wanaokosekana katika uchunguzi wa kaya: dodoso linakwenda, mwenye nyumba hayupo, na nafasi yake inabaki tupu. Njia ya kawaida ni kuijaza kwa makisio kutoka kwa waliopatikana, na shaka yangu ni lini njia hiyo inadanganya. Nilianza na gunia la karafuu. Mnunuzi anayejua kazi yake, nilisema, hashiki za juu pekee, anatia mkono mpaka katikati, kwa kuwa zilizo chini huenda hazikukauka kama zile za juu. Vichwa vikainama, vikakubali. Sasa, nikaendelea, nikija kijijini kuuliza kipato cha wavuvi wakati wavuvi wamekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, kisiwani Misali, nitawakuta wagonjwa, wazee na wasio na chombo. Nikiwajaza waliokosekana kwa mfano wa waliopatikana, nitaandika kwamba kijiji kizima ni maskini kuliko kilivyo, kwa sababu kilichomkosesha mtu nyumbani ndicho hicho hicho ninachotaka kukipima.

Mvuvi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni akishona nyavu, ambaye katika mikutano yote hakuwahi kufungua mdomo, akauliza, "Kwa hiyo ulipokuja kwangu ukanikosa, uliandika nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliandika alama ya kutokuwepo. "Mimi nilikuwepo," akasema, "nilikuwa baharini. Sisi wa dagaa tunavua kwa taa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka, dagaa haoni taa yako, sote tuko nyumbani tunalala. Njoo mbalamwezi."

Nilikuwa nimesoma makala nyingi juu ya namna ya kukisia data zilizokosekana, na hakuna iliyoniambia niangalie mwezi. Duru ya pili ya dodoso niliipanga upya, siku tatu kabla na siku tatu baada ya mwezi mpevu, na nyumba nyingi za wavuvi nilizozikuta zimefungwa mara ya kwanza zilikuwa na mwenyewe uani. Msimamizi wangu alipoiona ratiba aliniuliza kwa nini tarehe zangu zinarukaruka hivyo, nami nikamjibu kama nilivyojibiwa: kwenye giza watu wako baharini.