Golf GTI, lonchi kontroli na joto la Unguja

Kila nikiegesha Golf pale Michenzani lazima atokee mtu aniulize ina hosi ngapi, na mie namjibu vizuri tu, lakini natamani siku moja aje wa kuniuliza "yakhe, sitini futi yako ngapi?" maana huyo ningekaa nae mpaka magharibi. Kwa asiejua, sitini futi ni zile mita 18 za mwanzo kabisa tangu gari inyanyuke, ndo kipande cha kwanza kinachopimwa kwenye mbio za drag, zile za kukimbia msitari ulionyooka, na kwa gari inayovuta mbele kama hii yangu mbio nzima zinaamuliwa pale pale. Ukipoteza sehemu ya kumi ya sekunde hapo usitegemee kuifidia mbele, ukifika mwisho mara nyingi utakuta imeshazaa, umepoteza zaidi ya hiyo.

Gari yenyewe ni GTI ya kizazi cha 5, imetoka Japani kama gari nyingi za hapa, injini ya lita 2 yenye turbo, giaboksi ya DSG gia 6, ile ya klachi mbili inayobadilisha gia wenyewe. Kiwandani ilitoka na hosi 200 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, 280 Nm, 0 mpaka 100 kwa sekunde 6.9. Sasa hivi ina remapu ya steji 1, yaani kompyuta ya injini imepangwa upya itoe nguvu zaidi, hosi kama 240, na fundi nilimwambia mapema torki isivuke 350 kwa sababu giaboksi hii, DQ250, imetengenezwa kubeba 350 Nm, na mie naipenda giaboksi yangu. Oili yake inamwagwa kila kilomita 60,000 kwa maelezo ya kiwanda, gari ya kupigishwa stati kama hii nasema usisubiri hata kufika huko.

Haya, lonchi kontroli, yaani ile programu ya gari yenyewe ya kuondokea kwa nguvu. Injini na giaboksi zipate moto kwanza, siyo umetoka nyumbani hapo hapo ukaanza. Unazima kitufe cha ESP, kile kinachozuia gari kuteleza, unatia gia S, ya sport, mguu wa kushoto unakanyaga breki barabara, wa kulia unazamisha mafuta yote mpaka chini, resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, inapanda inasimama kwenye elfu 3 na kidogo na haivuki hapo, unaachia breki kwa mkupuo, basi, klachi inafunga wenyewe na gia zinaingia wenyewe wala huna la kufanya zaidi ya kushika usukani. Usikae pale umeshikilia breki unasubiri watu wapige video, sekunde 2 au 3 zinatosha, kila unavyozidi kukaa ndo unavyoongeza joto kusikotakiwa.

Vijana wengi wanaishia hapo, wanajua kubonyeza basi wanaona wamemaliza. Mie nasema ile kompyuta inajua resi na inajua klachi, haijui kama lami ya leo ina mchanga. Na ukishaweka remapu ndo kabisa, ile elfu 3 na kitu ilipangwa kwa torki ya kiwandani, sasa umeongeza nguvu tairi ni zile zile. Halafu kuna jambo la uzito, gari ikiondoka kwa nguvu uzito unarudi nyuma, pua inanyanyuka, kwaivo tairi za mbele zinapunguziwa mzigo wakati ule ule unaotaka zishike. Gari ya kuvuta nyuma inafaidika na hilo, sie wa kuvuta mbele tunapigana nalo.

Utajua kwa mikono kabla hujaangalia taimu. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, kama hauna kitu chini, kisha ukiwa na bahati mbaya unasikia dudududu kwenye sakafu mpaka kioo cha ndani kinacheza, ile dudududu ni tairi zinaruka, zinashika zinaachia zinashika zinaachia. Hapo toa mguu. Usishindane nayo hata kidogo, inamaliza mauntingi ya chini ya injini na shafti za mbele, na spea za GTI hapa kisiwani si kitu cha kwenda kununua dukani Kwerekwe ukarudi nayo siku ile ile.

Kwangu kilichobadilisha mambo ni kushusha. Programu ya giaboksi tumeshusha resi ya kuondokea mpaka 2,400, ukikaa ndani unahisi gari imelegea kabisa, unaona huyu wa pembeni anakuacha kwa moshi na makelele, lakini kile kidude cha Dragy cha kupimia taimu kwa GPS kinasoma sitini futi sekunde 2.1 pale ambapo kwa resi ya zamani kilikuwa kinasoma 2.3 na zaidi. Upepo wa tairi za mbele natoa kutoka psi 36 nafika 28, wa nyuma siugusi, na nikimaliza najaza tena kabla ya kurudi mjini kwa sababu upepo mdogo ukiwa mwendo wa kawaida unakula tairi na kwenye kona gari inayumba. Kisha kuna mdogo wangu na ufagio wake wa chelewa, huyu ndo mtu muhimu kuliko fundi, anafagia zile mita 20 za mwanzo msitari wa kushoto na msitari wa kulia mpaka lami inakuwa nyeusi, na ule mchanga mweupe unaotoka pale ukiuona mwenyewe utaelewa kwa nini tairi zilikuwa zinateleza.

Joto nalo. Kwenye kaskazi hewa ina moto na ina unyevu, oksijeni inayoingia kwenye injini inapungua, na intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ikishalowa joto kompyuta inachelewesha moto wa plagi kulinda injini, hapo hosi ulizolipia zinaondoka unaziona. Ndo maana tunaanza mara baada ya alfajiri, na kati ya stati na stati boneti inafunguliwa, giaboksi inapumzika, atakae kurudia haraka haraka namwambia asubiri tu tunywe chai.

Tunakofanyia ni upande wa Fumba, barabara ya ndani ya eneo la mtu, haijafunguliwa kwa umma na mwenyewe karuhusu. Tunakimbia mita 201 tu, nusu ya zile 402 za kawaida, inayobaki yote ni ya kufunga breki. Kuna wanaoona ni mchezo wa kitoto huo, lakini hata NHRA, chama cha mbio za drag cha Marekani, mwaka 2008 gari zao za kasi kabisa, Top Fuel, waliziteremsha kutoka mita 402 mpaka 305 baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwenye ajali, na wale wana viwanja vya kweli. Helmeti lazima, mtungi wa kuzimia moto lazima. Hawa wanaoshindana usiku barabara ya Airport siwaungi mkono na nimeshawaambia uso kwa uso, kuna boda, kuna watu wanavuka kutoka msikitini, hakuna hata mmoja kati yao alokubali kuwa ndani ya mbio zako. Kisiwa hichi kina vijana wengi wanaoipenda gari kwelikweli, na nitaendelea kusema popote nitakaposikilizwa kwamba tunastahili kipande kimoja cha lami kilicho halali na kina ukuta.

Kusi ikishakolea na asubuhi ikipoa ntajaribu 2,600 na tairi laini zaidi za mbele, saizi ile ile, nataka kuona kama 2.0 ipo. Mwenye GTI au gari yoyote ya kuvuta mbele yenye DSG aje, alete na kipimo chake cha upepo maana changu kila mtu anakiazima.